Gia ya Pili

Niliikuta katika banda la nyuki, Radovljica,
imefunikwa blanketi la jeshi la nchi isiyokuwepo tena,
magurudumu yamebonyea kama mashavu ya babu aliyevua meno.
Wekundu wake ulikuwa umechujuka, umebaki rangi ya ulimi.
Matevž, mfuga nyuki, alipangusa tangi kwa kiwiko
akasema, "Haijawahi kuanguka hii, mama."
Ncha ya usukani, upande wa kushoto,
ilikuwa imesagika kama chaki.
Tukaitazama sote wawili.
Kimya kile kilinipunguzia euro mia mbili.

Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema waliosema.
Sikatai. Ila mimi nina miaka hamsini na miwili,
nusu yake nimegawa barua kwenye mvua ya Kranjska Gora,
na goti langu la kulia hutabiri theluji.
Kipya na mimi hatujuani.

Neža, binti yangu, alishuka ngazi na kikombe mkononi:
"Umenunua farasi aliyekwisha kufa."
Nikamwambia, nishikie tochi.
Nilipofungua sanduku la hewa
nyuki kumi na saba, wakavu, wepesi kama maganda ya vitunguu,
walikuwa wamelala juu ya chujio.
Niliwahesabu. Sijui kwa nini niliwahesabu.
Kabureta nne juu ya meza ya jikoni,
vitundu vyake vyembamba kuliko tundu la sindano,
nikavizibua kwa uzi wa shaba na kwa matusi ya marehemu baba.
Wiki tatu tulikunywa supu tumesimama.

Ilipowaka, haikunguruma.
Ilikohoa, ikatema moshi wa rangi ya maziwa,
ikaitafuta sauti yake uvunguni, juu ya kabati,
kwenye mifuko ya makoti ya mwaka juzi,
ikaipata,
na vikombe vya jirani yangu Ljerka vikagongana kabatini.

Ila gia ya pili.
Gia ya pili haikai.
Unaiweka, inatulia kama mgeni mwenye adabu;
ukitia moto tu, inachomoka,
injini inapiga yowe, nawe umebaki
katikati ya gia na gia, pasipo na kitu.
Fundi Škrjanec wa Jesenice alinitajia bei ya kuitengeneza.
Nikacheka. Naye akacheka, akanimiminia kahawa.

Basi Vršič naupanda kwa moja na tatu.
Kila kona ina namba yake ubaoni,
na tumboni mwa kona mawe madogo yaliyopangwa
ambayo yakilowa huteleza kama bamia.
Moja inalalamika. Tatu inaburura miguu.
Pengo la katikati nalijaza kwa klachi, kwa nyonga,
kwa kutazama ninakotaka kwenda, si ninakoogopa.

Kona ya kumi na saba nilijisahau.
Mguu ulikumbuka pikipiki nyingine, ujana mwingine,
ukapandisha pili.
Ikachomoka. Yowe likapaa hadi kwenye misonobari.
Gurudumu la nyuma likakanyaga jiwe bichi, likajiuliza,
na kwa muda wa kupepesa jicho nilikuwa
mwanamke mzima asiyeshikwa na chochote.
Kisha tatu. Kisha barabara.
Kisha mkono wangu wa kushoto, unatetemeka kama si wangu.

Kileleni, kijana Mwitaliano
mwenye pikipiki mpya iliyo na kioo kama cha simu
aliniuliza yangu inakimbia kiasi gani.
Waya wa spidi ulikatika mwezi Mei, nikamjibu.
Huenda inakimbia sana.
Akaizunguka taratibu, akachuchumaa, akainusa.
"Asali?" aliuliza.

Usiku huu iko gereji, chuma kinapoa, tik, tik.
Nimeitandikia katoni, inadondosha oili yake:
tone, nalisubiri, tone.
Neža amekuja na ndara za kulalia.
Hakutaja farasi.
Amepitisha kidole kwenye ncha iliyosagika,
akauliza, "Klachi ni mkono upi?"
Huu, nikasema, nikauinua.
Ulikuwa bado haujatulia.