Mita Kumi na Tisa

Bi Skaidrite aliileta ndani ya mfuko wa viazi,
Jumamosi, theluji imegeuka tope
kwenye ngazi za karakana yangu hapa Riga.
"Haisemi," akaniambia.
Hakusema imeharibika. Haisemi,
kama anayemshtaki mtu aliyenuna.

Spidola ya mwaka wa sitini na tatu.
Kasha lililokuwa jeupe, sasa rangi ya jino la mvuta tumbaku,
mpini umepasuka, eriali imepinda goti,
na ubavu wa kushoto, huo peke yake,
umesuguliwa hadi unang'aa.
Nilipofungua kifuniko cha betri
zikanitazama sita, zimevimba, zinatoa kamasi la kijani,
shaba imeliwa hadi mzizini.
La kuvunda halina ubani, watu husema.
Mimi nina siki, pamba, na mswaki wa zamani wa mjukuu.

Wenzangu huanza na mita. Mimi hunusa.
Kapasita iliyokufa ina harufu yake,
samaki aliyesahauliwa kwenye gazeti.
Humo zilikuwa saba.
Nikazing'oa, nikazipanga mezani kama meno ya utotoni,
nikalehemu mpya. Mpini nikauunga kwa gundi.
Uzi wa kishale ulikuwa umekatika, nikatia mshipi.

Kisha nikafika kwenye pipa,
lile pipa dogo linalozunguka ukibadili masafa,
kila ubao na koili zake.
Kiwanda, ng'ambo ile ya reli, kiliishia mita ishirini na tano.
Ndivyo ilivyoamriwa: chini ya hapo
sauti za nje zilikuwa ngumu kuzibwa mdomo,
na raia mwema ana haja gani ya kusikia vizuri?
Lakini ubao mmoja haukuwa wa kiwandani.
Waya mwekundu, umesokotwa kwa mkono,
mizunguko kumi na mmoja, miwili imependana,
umegandishwa kwa nta ya mshumaa,
na pembeni, kwa penseli: 19.

Nikampigia simu. "Mumeo alikuwa fundi?"
"Visvaldis? Alikuwa mwoka mikate."
Akanyamaza.
"Alisema anatengeneza swichi.
Nilimshikia tochi usiku tatu, chini ya blanketi.
Sikuuliza swichi gani."

Ojars, mwenye Spidola arobaini na mbili rafuni,
kila moja kama ilivyotoka kwa mama yake,
alikuja, akavaa miwani juu ya miwani.
"Toa uchafu huo," akasema.
Ubao halisi anao, kwenye kopo la kahawa,
angenipa bure.
Nilishika koleo. Nikaliweka.
Nikalishika tena, sitaficha.
Mwisho nikapangusa vumbi kwenye nta, nikafunga kasha.

Jumanne tukaiwasha, mimi na Bi Skaidrite.
Ikaanza kama mafuta yanayopata moto.
Masafa ya kati: mtu, sijui wa nchi gani, anacheka peke yake.
Nikazungusha pipa, tak, tak, tak.
Nilikuwa nimemwonya: stesheni nyingi zimefungwa,
waliosema wamestaafu, waliosikiliza wana simu.
Ile mitambo ya serikali iliyokuwa ikinguruma juu ya maneno
nayo imezimwa. Njia nyeupe,
na hapiti mtu.
Mchina mmoja akapita mbali sana, akadidimia.
Ukabaki mvumo.

Akaniomba nisogee.
Akalaza shavu kwenye kasha, ubavu wa kushoto,
akalegea hapo, kama aliyekuta mto ungali na joto.
"Usiguse," akasema.
Sikugusa. Chai yangu ikapoa.

Nilimdai yuro kumi na tano. Akalipa ishirini
na nusu ya mkate mweusi.
Mfuko wa viazi akaukunja mara nne, akautia kwapani,
na redio akaibeba kwa mpini, mchana kweupe,
akashuka ngazi zile za tope
ikiwa bado inavuma,
sauti imefunguliwa hadi mwisho.