Yeye

Mama Nyaguthii, mwenye ploti hapa Kangemi,
aliniuliza siku ya kwanza, akihesabu noti za kodi:
"Na mwenzako yuko wapi?"
Yeye alibaki ng'ambo ya Malaba, nikasema.
Yeye hulala upande wa ukuta.
Yeye hawezi chai bila tangawizi.
Akaguna, akanipa ufunguo. "Mpe salamu."

Miezi saba neno hilo limenisitiri
kuliko bati, kuliko mlango wa makomeo mawili.
Halina ndevu, halina kitenge.
Unalivaa sokoni mchana kweupe
na muuza sukuma anakupa nyongeza.

Leo, ofisini Westlands, mimi ni namba mia na nne.
Afisa anaandika Kiingereza.
Mkalimani ananifuata vizuri,
barabara, kizuizi, usiku wa mawe,
mpaka anafika kwenye yeye
na kukwama. Kalamu inangoja.
"Kiingereza kinanitaka nichague," ananong'ona.
"Yeye yupi?"

Feni inazunguka. Mtoto wa mtu anakohoa.
Mpaka niliuvuka gizani, kiatu kimoja mguuni,
na sikutetemeka hivi.

"Kizza," nasema. "Mwanamume. Kama mimi."

Anameza mate.
Kisha anatamka, kwa sauti, silabi moja.

Jioni, kwenye kamba za nguo, Mama Nyaguthii:
"Mwenzako alipata salamu zangu?"
"Alizipata. Yeye pia anakusalimu."
Neno ni lile lile,
ila linanikaa kama koti lililopekuliwa,
mfuko mmoja ungali nje.