Bei ya Pembe

Ijumaa baada ya Alasiri, hapa Barka,
namwaga tende kilo tatu kwenye beseni la bluu,
juu yake samli, juu yake dagaa wakavu,
na kijiko cha asali ambacho Bwana Muhanna hukipima mwenyewe,
asije mlishaji akakilamba.
Fahali anakula. Mimi nahesabu.
Mlo wake wa siku moja ni wangu wa siku nne,
na ya tano nifunge.

Wao humwita Sarukhi, yaani kombora.
Mimi namwita Shemeji,
kwa kuwa tunaishi kwa kuheshimiana, ukuta mmoja,
na hakuna anayemuuliza mwenzake mshahara.

Kwetu Pemba ng'ombe huchezwa na mtu:
kijana, kitambaa, zumari,
na akikupiga pembe unachekwa hadi Idi.
Hapa ng'ombe hucheza na ng'ombe,
watu wakachezwa na bei.

Uwanja ni duara la saruji.
Wazee wamekaa ukutani, bakora magotini,
vijana juu ya boneti za magari,
mtoto anauza karanga katikati ya vumbi.
Kamari haramu. Kipaza sauti kimesema, kikarudia,
na kweli, hakuna anayeweka hata baisa.
Ila fahali akishinda leo,
usiku simu ya Bwana Muhanna hailali:
Sohar wanauliza, Suwaiq wanauliza, hadi Fujaira,
elfu tatu? elfu nne? tano, na usafiri juu yetu?
Siku moja nilithubutu: Bwana, hii si kamari?
Akacheka mpaka kofia ikapinda.
"Hii biashara, Faki.
Kamari ni ya asiye na zizi."

Simu inatetemeka mfukoni. Shaame, mdogo wangu, kutoka Wete:
*Kaka, mkeka wa leo timu kumi na moja.
Kumi zimetiki. Bado moja tu.*

Mkeka.
Mama alisuka shupatu hadi vidole vikapasuka,
akashona, akatandika:
tumezaliwa juu yake, tumeswali juu yake,
na babu alipelekwa kaburini amefunikwa nao.
Huu wa Shaame hausukwi wala haulaliwi.
Kazi yake kuchanika.
Mwezi uliopita nilituma riali thelathini za bati.
Picha ya nyumba aliyonirudishia
ilipigwa kwa karibu sana, mlango tu,
paa halionekani.

"Sarukhi wa Muhanna! Dhiabu wa Saham!"
Naachia kamba.
Paji kwa paji, kama watu wawili wanaosukuma
mlango mmoja kutoka pande mbili.
Vumbi. Pumzi. Kwato zinachimba.
Damu haitakiwi; anayegeuka ndiye aliyeshindwa.
Wanasema mafahali wawili hawakai zizi moja.
Aliyesema hakuwahi kuwalisha.
Nimewahi kulisha wawili mwaka mzima,
wakilambana masikio.

Dakika ya pili Shemeji akageuka.
Si kwa woga. Aligeuka
kama mtu aliyekumbuka kaacha moto jikoni,
akaja mbio upande wangu, kamba ikimfuata,
na uwanja mzima ukacheka, ukapiga honi,
mzee mmoja akachapa bakora hewani kana kwamba kadhulumiwa
pesa ambayo hakuiweka.

Bwana Muhanna hakupiga kelele.
Alipangusa kanzu, akasogea pembeni, akapiga simu.
Nilisikia neno moja tu: kilo.
Akarudi, akanigusa bega, kwa upole kabisa:
"Usiku usimpe asali."

*Umechanika, kaka,* Shaame kaandika.
*Dakika ya tisini na tatu. Kona!
Nisaidie kidogo, wiki ijayo nina uhakika.*
Sikujibu. Nini ningejibu?
Mimi pia nilikuwa na wangu,
nilioutandika kimoyomoyo: Shemeji akishinda,
labda Bwana ataniongeza mshahara.

Nilimwosha pembe kwa maji ya mpira,
vumbi likatoka jekundu, kisha jeupe, kisha maji matupu.
Bwana alikuwa msikitini.
Chupa ya asali ilikuwa dirishani, na kijiko ndani yake.
Nikakijaza mara mbili:
kimoja chake,
kimoja changu.