Pingili

Mayai huja Jumanne, trei tatu, kutoka shamba moja la Angus,
mengine bado yameganda kinyesi na unyoya,
na Ishbel Rattray huyafuta kwa spiriti
kama anayempangusa mtoto kamasi mlangoni mwa kanisa.
Dundee, Februari. Nje mvua inanyesha kiubavuubavu.

Kwa mkasi mdogo anakata dirisha kwenye ganda,
upana wa ukucha wa kidole gumba.
Chini yake, juu ya kiini cha manjano,
kuna mstari mweupe usiozidi punje ya mchele:
kuku ambaye bado si kuku,
mgongo ambao haujaamua.

Kila dakika tisini
jozi moja ya vinundu hujikata kutoka kwenye nyama laini,
kushoto na kulia, sawia.
Mimi ningesema: kama pingili za muwa.
Ishbel hajawahi kuona muwa uliosimama shambani.
Yeye husema: kama mbaazi.

Nani anayepiga saa humo ndani?
Hakuna mtu. Kuna jeni inayofunguka
na kuagiza protini,
na protini ikishajazana hurudi mlangoni
kumfungia yule yule aliyeizaa.
Mchimba kisima huingia mwenyewe.
Kisha protini inaoza, haina umri mrefu,
komeo linalegea, jeni inafunguka tena.

Siri iko kwenye kuchelewa.
Ingalirudi papo hapo, pangalikuwa na ukimya tu,
nyama moja isiyo na mkato.
Kwa kuwa inachelewa, kuna wimbi.
Kwa kuwa kuna wimbi, kuna mbavu.

Unywele mmoja kando, katika mrija wa neva,
waya ni karibu zilezile, mchoro ni mwingine kabisa.
Jeni mbili, kila moja inaizima mwenzake.
Fahari wawili hawakai zizi moja:
chini, ishara inapowaka sana, anatawala huyu,
juu, inapofifia, anatawala yule,
na kati yao mpaka unajichora
bila kamba, bila mpimaji ardhi.

Torquil, mwanafunzi, aliichora saketi kwenye kompyuta.
Akabadilisha namba moja. Milia ikawa madoa.
Akaongeza kidogo tu. Madoa yakazama.
Akapiga makofi peke yake.
Ishbel hakupiga.

Kaka yake, Lachlan, alizaliwa na pingili nne zilizoshikana
na mbavu mbili zilizokua kama uma.
Mama yao alikuwa akipunguza shati upande mmoja.
Daktari wa Perth aliiita bahati mbaya
akaandika hivyo, kwa kalamu ya bluu.

Usiku huu Ishbel ametia tone moja ndani ya dirisha,
dawa inayoizuia protini isioze upesi.
Saa saba. Jozi ya kumi na mbili inatoka safi.
Ya kumi na tatu inasita.
Kisha hakuna mkato, ni uji wa nyama,
na katikati ya uji, upande wa kulia,
kitu anachokijua tangu utotoni,
alichokiona kila kiangazi ufukweni kaka yake akivua fulana.

Anampigia simu. Lachlan yu macho,
kulala chali humuuma.
“Nimekiona,” anasema. “Kilichokukuta. Ni kitu kilichokataa kuondoka
kwa wakati wake.”
Kimya. Birika linachemka kule Broughty Ferry.
“Na huyo kifaranga,” anauliza Lachlan, “anaumwa?”
“Hapana. Bado hakuna mtu humo wa kuumwa.”
“Basi kwangu mimi yupo,” anasema,
na anacheka hadi anakohoa,
na Ishbel anacheka, amefunika mdomo kwa glavu,
akipitwa na basi la mwisho.

Anaziba dirisha kwa utepe.
Kwenye ganda anaandika kwa penseli: *13, kulia*.
Yai la pili, lisilotiwa kitu,
limefika jozi ya kumi na nne
bila kuangaliwa na yeyote.