Stima Ilipopotea Kariobangi

Kiingilio kilikuwa shilingi tano,
na benchi la Wakhungu lilichana suruali.
Kanda ya Hong Kong, kuukuu:
mvua ya chengachenga ikinyesha hata ndani ya nyumba.
Mzee wa nyusi nyeupe akipaa juu ya paa,
teke linatangulia, kishindo kinafuata baadaye.

Jumanne ilikuwa ya Wahindi:
ndugu waliopotezana,
risasi sita kifuani mwa mmoja,
na bado ana pumzi ya kumuaga mama.
Ijumaa, Wamarekani. Lori linalipuka,
mwenyewe hageuki kutazama.
Tulicheka. Tuliamini. Yote mawili.

Usiku mmoja stelingi aliruka kutoka ghorofani
na stima ikapotea Kariobangi nzima.
Hakuna aliyetoka.
Akelo wa njugu akamtua juu ya turubai,
Kyengo akampa farasi,
Wakhungu, gizani, akapiga teke hewa
na meza ikaanguka.

Leo simuni nina sinema za Korea,
picha safi, jasho unalihesabu tone kwa tone.
Nazipenda.
Lakini ile sijaitafuta.
Mtu wangu bado yuko hewani,
miguu kaikunja, juu ya mabati yetu,
anangoja stima irudi.