Siyo Yule

Mmoja aligonga kioo cha ghala la ushirika, Sikonge,
saa nne asubuhi, nikipima ndoo za Ngassa.
Mdogo. Mgongo rangi ya tumbaku kabla haijaingia bani,
mdomo mfupi, mnene, kama msumari uliovunjika.
Nikamlaza juu ya mizani. Mshale haukujisumbua.

Ngassa akasema: mlembe huyo.
Nikasema: siyo yule.
Tukabishana mpaka nyuki wakaanza kuingia.

Yule ninayemjua ana koo jeusi,
shavu jeupe kama kapakwa unga kwa kidole,
na mdomo wa waridi, akiwa dume.
Yule huja mpaka uani kukutikisia kiberiti sikioni:
che-che-che, twende, mbona umekaa?
Ukikawia kufunga viatu anarudi kukusuta.
Mjomba Igulu alimfuata toka Ipole, mtundu hadi mninga,
akamwachia sega lenye majana juu ya jani,
maana mlembe usipomlipa, alisema,
kesho anakupeleka kwa chatu.
(Mimi nililipa kila mara. Chatu nilimwona vilevile.)

Huyu wa mizani hajawahi kumwita mtu.
Hukaa juu ya muyombo uleule, masika na kiangazi,
kliu, kliu, kliu, mara thelathini,
ananyamaza, anaanza upya,
kama anayehesabu deni lisilomhusu mwingine.
Nta anaila. Njia ya nta anaijua.

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili nilimfuata huyu nikidhani ni yule,
shoka begani, moshi kwenye kopo la maziwa.
Jua lilizama nikiwa chini ya mti usio na tundu.
Sikudanganywa. Hakuniambia kitu.
Mimi ndiye niliyesikia *twende*
mahali palipokuwa na *kliu*.

Na wakiruka, mikia ni mmoja, nyeupe pembeni.
Na wote wawili hutaga kwenye viota vya wenzao;
kinda huzaliwa na ndoano mdomoni kabla ya macho,
huua gizani wale aliowakuta.
Hata yule mkarimu. Hilo Igulu hakunisimulia.

Saa tano akafumbua jicho,
akaniachia doa jeupe daftarini,
mstari wa Ngassa, kilo kumi na nne na nusu,
akatoka kwa dirisha la nyuma.

Ngassa akarudi na maji kwenye kizibo:
"Kaelekea wapi?"

Nikafuta daftari.
Nikamwita wa ndoo inayofuata.