Bambo

Soko la Kibaigwa limefungwa, mizani imefunikwa turubai.
Chidawali ananionyesha simu:
hisa za kampuni inayokodisha programu
kwa mabenki, hospitali, viwanda vya saruji.
"Shangazi, mteja akishaingia hatoki.
Kuhamisha mahesabu ni kuhamisha kisima."

Hilo nalielewa.
Daftari langu la madeni nalo lina karani mmoja
tangu Mwaja alipokuwa hajaolewa.

Ila bei yake ni faida ya miaka sitini.
Sitini!
Shamba la zabibu Hombolo hurudisha fedha kwa misimu tisa,
na ndege wakila, angalau nawaona.

Mimi gunia nalichoma bambo ubavuni,
punje zinamiminika kiganjani,
nang'ata moja, nasikiliza unyevu,
natafuta dumuzi.
Hii nitaichoma wapi?

"Inakua asilimia thelathini kila mwaka," anasema.
Uwele nao hukua hivyo Januari.
Februari ndiyo huuliza maswali.

Sisemi ni mbovu. Lumbesa si mahindi mabovu.
Nimeshazishona nyingi, kilemba juu ya gunia,
mkulima akatazama pembeni, akanyamaza.
Leo kilemba kimekaa juu ya bei,
na anayetakiwa kunyamaza ni mimi.

"Iandike kwa chaki," namwambia,
"hapo mlangoni, chini ya bei ya alizeti.
Ikishuka nusu, niamshe."

Usiku naamka mwenyewe, mara mbili,
nawasha simu ndani ya shuka.
Imepanda.